Kiu Katika Nchi ya Baridi: Zitambue Dalili za Kisukari

NDUGU msomaji, mtu anywaye maji mengi mjini Dar es Salaam mwezi wa Januari hamshangazi yeyote. Jua limemchoma, jasho limemtoka, naye anarudisha mwilini kile kilichopotea. Lakini mtu anywaye maji mengi mjini Njombe mwezi wa Julai yafaa aangaliwe mara mbili. Mji huo umekaa juu ya vilima, takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai ukungu huteremka asubuhi, watu hujifunika makoti na mablanketi, na chai ya moto ndiyo kinywaji cha wengi. Mtu aamkaye usiku wa manane katika baridi ya namna hiyo, akatoka kitandani mara nne kwenda msalani, na kila arudipo akateka maji na kuyanywa kwa pupa, mwili wake unamwambia jambo. Swali ni kama yeye, mwenzi wake na watoto wake wanasikia.

Jambo hilo laweza kuwa kisukari. Twasema laweza, kwa maana dalili peke yake si hukumu. Hukumu hutolewa na kipimo. Lakini mtu asiyezijua dalili hatakwenda kupimwa, na hapo ndipo yalipo madhara. Maradhi haya hayaji kwa kishindo kama kipindupindu. Huingia polepole, na kila dalili yake ina kisingizio kilicho tayari. Mkojo mwingi husingiziwa baridi, uchovu husingiziwa kazi, macho yenye ukungu husingiziwa uzee, na mwili unaokonda husingiziwa mambo ambayo watu huyanong'ona tu. Leo tuvitazame visingizio hivyo kimoja kimoja, tukiwaangalia ndugu zetu wa Njombe na Makambako, ambako hali ya nchi na maisha ya watu huzificha dalili hizo kwa namna ya pekee.

MARADHI YENYEWE NI NINI?

Chakula tulacho, hasa ugali, viazi, wali, mkate na ndizi, hugeuzwa na mwili kuwa sukari iitwayo glukosi, nayo husafiri katika damu kwenda kulisha kila kiungo. Ili sukari hiyo itoke katika damu na kuingia ndani ya misuli na viungo vingine, yahitajika insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula.

Fikiria mabehewa ya mahindi yaliyowasili stesheni ya Makambako. Shehena ipo, na maghala yapo, lakini mwenye funguo za maghala hayupo, au funguo zimeshika kutu. Mahindi yatarundikana uwanjani hadi yamwagike barabarani, na huku nyumba za mji zinalala njaa. Ndivyo mwili wa mwenye kisukari ulivyo: damu imejaa sukari, lakini viungo vina njaa. Dalili karibu zote tutakazozitaja zatokana na mambo hayo mawili, wingi wa sukari mahali isipotakiwa na upungufu wake mahali inapotakiwa.

Ziko aina mbili kubwa. Katika aina ya kwanza kongosho huacha kutengeneza insulini, na aghalabu huwapata watoto na vijana. Katika aina ya pili insulini hutengenezwa, lakini haitoshi au mwili hauitii. Hii ya pili ndiyo ya watu zaidi ya 90 katika kila wagonjwa 100 duniani, na huwapata hasa watu wazima. Iko pia ile inayojitokeza wakati wa ujauzito.

Zamani ilidhaniwa kwamba maradhi haya ni ya matajiri na ya watu wa Ulaya. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na Profesa Donald McLarty na wenzake, ukatangazwa mwaka 1989, ulionyesha kwamba wakati huo walikuwa na kisukari chini ya mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa mjini na vijijini wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta watu 9 katika kila 100. Chunguzi hizo mbili hazikufanana kwa kila hali, wala haifai kuzilinganisha kama mizani ya duka. Hata hivyo, mtu yeyote aweza kuona mwelekeo wake. Na duniani kote, zaidi ya watu 4 katika kila wagonjwa 10 hawajui kwamba wanao ugonjwa huu.

KIU NA MKOJO: KISINGIZIO CHA BARIDI

Sukari inapozidi kiasi katika damu, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo humwagika katika mkojo. Lakini sukari haiendi peke yake. Huvuta maji pamoja nayo. Ndiyo sababu mgonjwa hukojoa mara nyingi, tena mkojo mwingi, mchana na usiku. Mwili unapopoteza maji hayo, kiu humshika, naye hunywa na kunywa tena, na kinywa kinabaki kikavu.

Watu wa Njombe watakuambia kwamba baridi humfanya mtu akojoe. Ni kweli. Mwili ukipata baridi hupunguza damu iendayo kwenye ngozi, na figo hutoa maji zaidi. Lakini, ndugu msomaji, itazame vema tofauti. Baridi huongeza mkojo, bali haileti kiu kali. Mtu akojoaye sana kwa ajili ya baridi hatamaliza ndoo ya maji. Akikojoa sana na kunywa sana kwa pamoja, wiki baada ya wiki, hata siku za jua, basi baridi haina hatia.

Kuna jambo ambalo wazee waliligundua kabla ya maabara kuwapo. Katika Bara Hindi la kale waganga waliona kwamba mkojo wa wagonjwa fulani ulivuta sisimizi kwa utamu wake. Hata leo, mtu akiona sisimizi wamejikusanya mahali alipokojoa, asipuuze. Lakini pia asijidanganye kwamba kwa kuwa hakuona sisimizi, basi hana ugonjwa. Sisimizi si maabara.

Na tahadhari moja kwa wenye kiu: wengi huikata kwa soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina takriban vijiko vidogo 8 au 9 vya sukari. Mgonjwa asiyejijua akinywa soda tatu kwa siku anamwagia moto mafuta ya taa. Maji matupu ndiyo kinywaji cha mwenye kiu.

KUKONDA: KISINGIZIO CHA AIBU

Dalili ya pili ni kupungua uzito bila sababu, hata kama mtu anakula vizuri, pengine kuliko zamani. Viungo vikikosa sukari, mwili huanza kuyeyusha mafuta na misuli yake wenyewe. Suruali hulegea, mkanda huongezwa tundu, na mashavu huingia ndani.

Hapa tuseme wazi neno ambalo wengi hulizunguka. Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Iringa mwaka 2012, umekuwa ukiongoza nchini kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Uchunguzi wa kitaifa wa miaka ya 2016 na 2017 ulikuta maambukizi kwa watu wazima 11.4 katika kila 100, na ule wa miaka ya 2022 na 2023 ulikuta 12.7. Katika mazingira kama hayo, mtu akikonda, majirani wamekwisha mpa ugonjwa kabla daktari hajamwona. Naye mwenyewe, akiogopa macho ya watu, hukaa nyumbani. Hujifungia ndani na ugonjwa ambao huenda sio anaoudhania, na kila wiki ipitayo sukari inamla.

Hofu hiyo ina madhara mara mbili. Kama ni kisukari, amekosa matibabu ya kisukari. Kama ni virusi, amekosa dawa ambazo zingemfanya aishi miaka mingi na kufanya kazi yake. Kwa vyovyote vile, kujificha hakumsaidii. Na wala maradhi haya hayafukuzani. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI aweza pia kupata kisukari, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi hujulikana kuwapandisha sukari watu wachache wazitumiao. Mtu wa namna hiyo asiache dawa zake hata siku moja. Anachotakiwa ni kumwambia mhudumu wa kliniki yake akiona kiu na mkojo vimezidi.

Liko na la tatu la kuangalia. Kisukari hudhoofisha kinga ya mwili, na mwenye nacho yumo katika hatari ya kupata kifua kikuu mara mbili hadi tatu kuliko asiye nacho. Kwa hiyo mtu anayekonda, mwenye kikohozi kilichozidi wiki mbili na jasho la usiku, yafaa apimwe yote matatu: makohozi, virusi na sukari. Kinachotakiwa ni safari moja na ujasiri wa siku moja.

UCHOVU NA NJAA: KISINGIZIO CHA KAZI

Mchuma chai aliyeinama shambani tangu alfajiri ana haki ya kuchoka. Kadhalika mpasua mbao, mbeba magunia ya viazi, na dereva aliyetoka Dar es Salaam na kulala Makambako kabla ya kuendelea Tunduma au Songea. Lakini uchovu wa kazi huondoka kwa usingizi. Uchovu wa kisukari huamka nawe asubuhi. Mtu hulala saa nane na kuinuka kana kwamba hakulala. Hula sahani iliyojaa, na baada ya muda mfupi njaa inamrudia.

Madereva yafaa tuwaseme kwa jina la kazi yao. Maisha ya barabara kuu humkalisha mtu kitini kutwa nzima, humlisha chipsi na soda kwa haraka, na humnyima usingizi. Mambo hayo yote humkaribisha mtu kwenye kisukari cha aina ya pili, hasa akiwa na kitambi. Dereva ambaye amezoea kusimama mara moja kati ya Iringa na Makambako, na sasa utingo wake anaona anasimama mara nne kwenda kichakani, asingoje hadi macho yamfanyie ukungu usukani. Kujua mapema ndiko kutakakomlinda abakie kazini. Kutojua kwaweza kumtoa kazini, na pengine kuwatoa na wengine duniani.

MACHO, NGOZI NA VIDONDA: KISINGIZIO CHA UZEE

Sukari ikizidi hubadili hali ya lenzi ya jicho, na mtu huona maandishi yakicheza au vitu vya mbali vikififia. Siku nyingine huona vizuri, siku nyingine vibaya. Wengi hukimbilia kununua miwani sokoni. Mtu ambaye macho yake yamebadilika ghafula, hasa akiwa na kiu na mkojo mwingi, apime sukari kwanza kabla ya kununua miwani, kwa sababu sukari ikitulia, macho nayo huweza kutulia, na miwani ile isimfae tena. Lakini sukari isiyotibiwa kwa miaka huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho, na upofu wa namna hiyo haurudi nyuma kwa urahisi.

Ngozi nayo husema. Majipu yanayorudirudi, fangasi katika mikunjo ya ngozi na mwasho katika sehemu za siri ni dalili ambazo watu huzionea haya. Wanawake wengi hutibiwa fangasi mara tatu au nne bila mtu yeyote kufikiri kupima sukari. Wanaume hupungukiwa nguvu za kiume, nao badala ya kwenda hospitali huenda kununua mizizi ya siri. Watu wa ndoa wazungumze mambo haya nyumbani bila kulaumiana, kwa maana chanzo chake chaweza kuwa katika damu, wala si katika uaminifu wa mmoja wao.

Kisha kuna kidonda kisichopona. Mtu hujikata kwa jembe au kuchubuliwa na kiatu, na baada ya wiki tatu kidonda kingali kibichi. Damu yenye sukari nyingi ni shamba zuri kwa vijidudu, na mishipa iliyoharibika haileti dawa ya mwili mahali panapohitajika. Kidonda kisichofunga ni barua ya kukutaka uende kupimwa.

MIGUU NA MOTO

Hapa ndipo baridi ya Njombe inapogeuka kutoka kisingizio na kuwa hatari yenyewe. Sukari iliyozidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, ikianzia miguuni. Mwanzoni mtu husikia ganzi, au kuchomwachomwa kama kwa sindano, au kuwaka moto nyayoni wakati wa usiku. Baadaye husikia kidogo, na mwisho hasikii kitu.

Sasa mtu huyo, jioni ya Juni, anakaa jikoni na kunyoosha miguu kwenye moto wa kuni au jiko la mkaa, kama walivyofanya baba zake. Mwenye miguu mizima huirudisha nyuma moto unapozidi. Yeye asiyesikia haiondoi. Ngozi huungua huku akizungumza na wageni, na huenda akaona malengelenge kesho yake avuapo soksi. Hali ni hiyo hiyo kwa chupa ya maji ya moto iliyowekwa miguuni kitandani, na kwa beseni la maji ya moto la kuogea miguu. Kutoka lengelenge hadi kidonda, kutoka kidonda hadi kuoza, na kutoka kuoza hadi kukatwa mguu, ni njia ambayo madaktari wanaotibu miguu ya wenye kisukari wameiona mara nyingi.

Kwa hiyo, mwenye kisukari au ganzi ya miguu ajipashe moto kwa soksi kavu na viatu visivyobana, wala si kwa makaa. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko cha mkono, au ampe mtu mwingine ayapime. Asitembee peku, hata ndani ya nyumba. Kila jioni atazame nyayo zake na kati ya vidole. Asipoweza kuinama, mtoto amtazamie au atumie kioo. Na avaapo viatu asubuhi aingize mkono kwanza ndani, kwani kokoto ndogo yaweza kumchimba kutwa nzima asijue.

WATOTO HAWANA MUDA

Ndugu mzazi, sehemu hii isome mara mbili. Kwa mtu mzima kisukari hujivuta kwa miaka. Kwa mtoto huja kwa wiki, na pengine siku chache. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani anaanza tena, na mama anamchapa au kumwona mvivu. Anakunywa maji mengi shuleni, anaomba ruhusa ya kutoka darasani kila mara, anakonda na kuchoka. Hizi ndizo ishara nne za kukumbuka: kukojoa sana, kunywa sana, kukonda na kuchoka.

Zisipotambuliwa, mwili wa mtoto huanza kuunguza mafuta kwa wingi, na sumu ya asidi hujaa katika damu. Hapo hutapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu na kwa kina, pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva mno, naye anasinzia na kuzubaa. Watu husema ni malaria, au nimonia, au amerogwa. Mtoto hupewa dripu na dawa za malaria, na anapotea mikononi mwa watu waliompenda, kwa kukosa tone moja la damu kutiwa katika mashine ndogo ya kupimia sukari. Mzazi una haki ya kumwambia mhudumu: "Tafadhali mpime na sukari." Hali ya namna hiyo haingoji kesho, ni ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo.

Mtoto akigunduliwa mapema huishi, husoma na kukua. Hadi mwaka 1921 ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo kwa mtoto. Mwaka huo Frederick Banting na Charles Best, huko Toronto nchini Kanada, walifanikiwa kupata insulini, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa sindano yake. Siku ya kuzaliwa kwa Banting, tarehe 14 Novemba, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani. Hapa nchini, Chama cha Kisukari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1985, ni miongoni mwa waliofanya kazi ya kueneza kliniki za kisukari, zikiwamo za watoto. Mzazi aulize hospitali ya wilaya au ya mkoa wake iliko kliniki ya namna hiyo.

ASIYE NA DALILI NAYE APIMWE

Wako watu wengi ambao wana kisukari cha aina ya pili lakini hawasikii lolote kwa miaka. Basi asingoje dalili mtu mwenye umri uliozidi miaka 40, mwenye kitambi, mwenye shinikizo la damu, mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliye na kisukari, au mama aliyepata kisukari wakati wa ujauzito au aliyejifungua mtoto wa kilo 4 na zaidi. Mama mjamzito naye aombe kupimwa kliniki, hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Kipimo chenyewe hakitishi. Hutobolewa ncha ya kidole, likachukuliwa tone la damu, na jibu hupatikana kwa dakika moja au chini yake. Ukienda asubuhi bila kula kwa saa 8, ila maji matupu, damu yenye sukari chini ya milimoli 6.1 kwa lita ni ya kawaida. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni onyo. Ikifika 7.0 au zaidi, hiyo ni alama ya kisukari, na kwa mtu asiye na dalili kipimo hurudiwa siku nyingine ili kuhakikisha. Kwa mtu mwenye dalili, kipimo cha wakati wowote kikionyesha 11.1 au zaidi, jambo limekwisha bainika. Andika nambari yako katika daftari, uijue kama ujuavyo umri wako.

BAADA YA KUJUA

Kujua si mwisho wa maisha. Wengi wa aina ya pili huanza kwa kubadili chakula, kutembea na kumeza vidonge. Chakula cha Njombe kina neema ya kutosha kwa kazi hiyo: maharage, mboga za majani na parachichi. Ugali na viazi havikukatazwa, ila vipimwe: robo ya sahani iwe ugali au viazi, robo iwe maharage, samaki au nyama, na nusu nzima iwe mboga. Ulanzi mbichi ni mtamu kwa sababu ya sukari yake, na uliochacha una kileo. Mgonjwa azungumze na daktari kabla ya kuugusa.

Mtumia insulini aihifadhi mahali pa baridi, lakini isigande. Asiye na jokofu aweza kuitia katika kopo lililofungwa, na kopo hilo akaliweka ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowana, kivulini.

Familia ijue pia dalili za sukari kushuka kwa mtu aliye katika dawa: kutetemeka, kutoka jasho jembamba, njaa ya ghafula, kusema ovyo. Watu humdhania amelewa. Akiwa ana fahamu, mpeni mara moja vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari katika maji, kisha chakula. Akiwa amezimia, msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali.

Na la mwisho ni dawa zisemazo zinaponya moja kwa moja. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambacho walitumaini kitaondoa kisukari pamoja na maradhi mengine mazito. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Kikombe kile hakikukifuta kisukari nchini. Mgonjwa anayeacha insulini kwa ajili ya tumaini la namna hiyo, hasa mtoto, aweza kufa kwa siku chache. Anayetaka kusali na asali, na anayetaka kumwona mzee wake amwone; lakini dawa ya hospitali isiachwe hadi daktari aseme.

Ndugu msomaji, mgonjwa mwenyewe mara nyingi ndiye wa mwisho kujua. Wa kwanza kujua ni mke asikiaye mlango wa choo ukilia usiku, mume aonaye gauni limekuwa pana, mwalimu aombwaye ruhusa mara sita kabla ya saa nne, na utingo ahesabuye vituo vya njiani. Hao ndio walinzi wetu wa kweli. Usiku wa leo, kabla ya kulala, mtazame kila mmoja nyumbani mwako ujiulize maswali manne: Anakunywa kuliko zamani? Anakojoa kuliko zamani? Amekonda? Amechoka bila sababu? Jibu likiwa ndiyo, zahanati itafunguliwa kesho asubuhi. Mwende pamoja.